Njia Mbili za Kumleta Habiba

Tangu nirudi, kila anayekuja kuazima sufuria kwangu huanza na pole ya safari, akamaliza na swali lile lile: je, wifi yako yuko wapi? Nimesimulia vipande vipande mpaka nimechoka, na kila aliyepewa kipande amekwenda kukitia chumvi barazani kwake. Nimesikia hata kwamba Ramadhani amefungwa. Hajafungwa. Basi nimekaa chini nikaandika yote, mmoja awasomee wengine. Nilisoma mpaka darasa la nne tu; atakayecheka mwandiko wangu asije kunipigia hodi siku ya harusi ya mwanawe.

Kutoka Ng'ambo

Kwa mliohamia karibuni mtaani kwetu Ng'ambo, hapa Tabora: mimi Tatu ni mjane na mpishi wa harusi, na Ramadhani, fundi baiskeli, ni mdogo wangu wa mwisho. Miaka kadhaa alifanyia kazi yake Rumonge, ng'ambo ya mpaka, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, na huko akamwoa Habiba. Sisi hatukuhudhuria ndoa. Tuliletewa habari, mama akapiga vigelegele peke yake jikoni. Mama alipofariki, Ramadhani alikuja kuzika, mkewe akabaki kulinda nyumba. Arobaini haijafika, fujo zikaanza kule. Watu wakauawa, mashua zikaacha kuvuka, na ndugu yangu akabaki huku hajui kama ana mke au ni mjane.

Mlimwona wenyewe. Alikuwa akikaza spoku ile ile tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Habari ililetwa na gadi wa treni ya Kigoma, mteja wake wa siku nyingi. Habiba amevuka. Yuko Kigoma pamoja na Bi. Mwamini, mama aliyemlea, na kila siku anasimama stesheni kuuliza watu wa Tabora. Ramadhani alisikia hayo akiwa na pampu mkononi, akaketi chini kwenye vumbi akalia mbele za wateja. Nami nikasema siwezi kumwacha mwanaume anayelia hivyo asafiri peke yake. Isitoshe, mke wa ndugu yako hupokewa na wifi. Asipopokewa na wifi ameingia nyumba kwa dirisha.

Habari za tiketi na foleni siziandiki, kila mtu anazijua. Nilichukua debe dogo la asali na kikapu cha matobolwa, viazi vyetu vilivyochemshwa na kukaushwa, tukapanda daraja la tatu. Mvua ilikuwa imeanza mapema mwaka ule. Mashamba ya Usoke yalikuwa yamejaa maji, na watu waliokwisha kuhamishiwa kwenye vijiji vipya walionekana wakiezeka nyumba haraka haraka kabla masika hayajawakuta nje.

Mbele yetu alikaa mwalimu mmoja wa Kimoraviani anayeshuka Kaliua. Alikuwa mtu mpole, mwenye kutafuna karanga moja moja. Alipojua tunakwenda kumchukua nani, aliacha kutafuna.

"Mmeshaamua mtamleta kwa njia gani?"

"Kwa treni hii hii," nikasema.

"Sina maana hiyo, mama. Wanaovuka mpaka wana njia mbili za kuingia. Akiandikwa mkimbizi, anapokewa siku hiyo hiyo, hakuna wa kumrudisha. Analishwa, anapewa jembe na shamba kwenye makazi mapya yanayofunguliwa msituni, huku Urambo. Lakini hatoki mle bila ruhusa. Njia ya pili, aandikwe mke wa mwananchi. Hapo mume amtambue mbele ya afisa, mke naye amtambue mume, na awepo mtu wa upande wa mke aliyeishuhudia ndoa. Wakiridhika, anakwenda kwake Tabora kama wewe na mimi. Wasiporidhika, anaweza kurudishwa alikotoka."

"Hakuna kushika zote mbili, moja ikikatika ishikwe nyingine?"

"Jina linaingia upande mmoja tu."

Mimi nikamwambia Ramadhani afadhali ukimbizi. Alikotoka watu wanachinjwa. Kwanza aokoke, mengine yatafuata. Ramadhani alikataa kata kata. "Mke wangu ana nyumba, Dada. Kwa nini akalale msituni kama mtu asiye na kwao?" Nikamjibu kwamba aliye hai ndiye mwenye nyumba. Tukanuniana mpaka Kaliua. Mwalimu aliposhuka alituombea, kisha akamshika Ramadhani bega akamwambia mara tatu nne asiropoke mbele ya afisa. Tulimwona mzee wa maneno mengi.

Malagarasi, treni inapogoma

Kabla ya kufika mto Malagarasi treni ilisimama. Maji yalikuwa yamekula tuta la reli mbele yetu, na wafanyakazi wakawa wanajaza mawe. Tuliambiwa kidogo tu. Ile "kidogo tu" ya reli nyote mnaijua. Tulilala pale, tukaamka pale.

Njaa ilipoanza kuwagombanisha watu niliona aibu kukaa tu, mimi niliyelisha harusi za nusu ya Tabora. Nikashuka, nikaomba mawe matatu kwa wale mafundi, nikamwambia kila mwenye chochote alete. Mchele ulipatikana, samaki wakavu wakapatikana, na mama mmoja wa Kiha aliyekuwa anarudi Uvinza akatoa chumvi ya kwao. Nilipogeuka kufuatilia kuni, mama yule akamimina mawese kwenye wali wangu, rangi ikawa kama kutu. Nilimfokea. Wali wangu mweupe, mbele za watu. Yule mama akachota kijiko akaniletea mdomoni kama mtoto. Kilikuwa kitamu. Nilikula sahani mbili na sikuomba radhi, ila nilimpa matobolwa na yeye akaelewa.

Mzee mmoja alitupigia hadithi za njia hii kabla ya reli, wapagazi walipokuwa wakipita hapa na meno ya tembo mabegani, kutoka Ujiji kwenda Tabora, kutoka Tabora kwenda pwani. Babu yetu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Aliitembea kwa miguu njia nzima mpaka Bagamoyo, akarudi na kovu la begani alilokuwa akituonyesha kwa fahari. Ramadhani hakusikiliza. Alikuwa amesimama pembeni ya reli akitazama magharibi.

"Nikimwona nimwambie nini, Dada? Mimi nilikuwa huku nakula ugali, yeye yuko kule."

Nikamwambia asiseme kitu, amshike mkono tu. Hilo lilikuwa shauri zuri, sijui lilipotelea wapi.

Kigoma, kwenye benchi la ofisi

Tulifikia Ujiji kwa Mama Salma, ambaye nimenunua dagaa zake tangu ujana wangu. Asubuhi tukaenda Kigoma mjini, kwenye ofisi walikokuwa wakiandikisha waliovuka. Nje palikuwa na benchi refu na watu wengi kimya. Sijawahi kuona umati ule usiokuwa na kelele. Hata watoto wachanga walikuwa wametulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Tarishi wa ofisi alikuwa mzee mwembamba mwenye kaptula ya kaki, jina lake Kondo. Alituuliza tunatoka wapi.

"Tabora."

"Wanyamwezi?"

"Ndiyo."

Akaweka birika chini, akajishika kiuno. "Ndiyo maana. Tangu jana nanusa jasho la mizigo. Haya, leo mmebeba nini, na nani kawatuma?"

Ramadhani aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuona meno yake tangu tutoke nyumbani. "Loo, Mzaramo. Wewe umefikaje huku? Nani alikuonyesha njia kama si babu yangu?"

"Babu yako alikuwa hajui njia. Alifuata harufu ya nazi mpaka mlangoni kwetu, tukamhurumia."

Sihitaji kuwaeleza ninyi utani wetu na Wazaramo, lakini barua hii inaweza kumfikia mtu wa mbali. Ulizaliwa kwenye njia ile ile ya wapagazi, babu zetu walipokuwa wakipita kwao. Mtani wako atakutukana, atakuvua kofia, atakula chakula chako, na huna ruhusa ya kukasirika. Una ruhusa ya kujibu tu. Ukikosa jibu umeaibisha ukoo. Na kukutana na mtani mbali na kwenu ni kama kukutana na ndugu. Benchi lile lilikuwa zito, nami nawaambia kweli, tulicheka kwa shukrani.

Afisa alichungulia dirishani. Alikuwa kijana safi, mtu wa mikoa ya huko juu ambako hatuna watani. "Serikali haina makabila, ndugu zangu," akasema. "Punguzeni sauti."

Kondo alipiga saluti, akageuka tena kwetu. Na hapo hapo, kutoka upande wa kambi ya waliovuka, akaja mwanamke aliyeongozana na mgambo. Alikuwa mrefu, amekonda, kanga yake imefungwa vizuri sana kwa mtu aliyelala chini majuma yote yale. Nilijua ni yeye kwa jinsi Ramadhani alivyomkazia macho.

Kondo naye aliona. Mtani hawezi kupitwa na nafasi kama ile. "Huyu ndiye mliyemfuata? Hapana. Mnyamwezi hapati mke mzuri hivi. Huyu ni wangu, alikuwa ananitafuta mimi."

Machozi yalikuwa yameshamfika Ramadhani, na mwanaume mbele ya mtani wake hulificha chozi kwa maneno. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie: "Mchukue. Si mke wangu huyo. Nilikuja bandarini kutafuta samaki, nikamwokota. Anakula sana, utajuta."

Kondo akaangua kicheko, nami nikacheka. Habiba alisimama pale alipofika. Aliangalia uso wa mumewe, akaangalia wangu, akaangalia wa Kondo. Ramadhani akanyoosha mikono kumwendea, lakini mgambo alikuwa ameshamwita ndani.

Mlango ulikuwa wazi. Tulisikia afisa akimuuliza kama ana mtu huku Tanzania wa kumpokea.

"Siko na mtu."

"Umeandikwa kambini kuwa una mume Tabora."

"Mimi siko na bwana hapa," Habiba akasema. "Mniandike na wenzangu."

Ujiji, nyumbani kwa Mama Salma

Tuliingia ofisini sote watatu kwa kusukumana. Ramadhani alisema huyu ni mke wangu mara nyingi kuliko inavyopendeza. Kondo alisimama wima kama askari akasema, "Bwana Afisa, ule ulikuwa utani. Kwetu sisi..."

"Mzee Kondo," afisa akamkatiza, bila ukali, "kule watu wamekufa. Utani gani?"

Hakuwa mtu mbaya. Alisema amesikia kwa masikio yake mume akimkana mke, na sasa mke anamkana mume, je, sisi tungekuwa yeye tungeandika nini? Ila alituachia upenyo. Treni ya kuwapeleka wakimbizi Urambo haijaja. Kabla haijaondoka, ikiwa shahidi wa ndoa atakuja kusema, na Habiba mwenyewe akakubali, atasikiliza upya. Ikiondoka, jina la Habiba linabaki upande wa wakimbizi.

Shahidi alikuwepo: Bi. Mwamini. Lakini alikuwa mgonjwa. Mashua iliyowavusha ilinyeshewa usiku kucha, na kifua chake kilikuwa kinalia kama kapi la kisima. Kondo ndiye aliyehangaika kwa wakubwa mpaka Bi. Mwamini akaruhusiwa kutolewa kambini kuja kuuguzwa kwa Mama Salma, na Habiba kumfuata. Ramadhani ilimbidi ahamie msikitini, kwa heshima ya wanawake wale.

Hivyo wifi yangu nilimpokea, si kwa vigelegele, bali kwa kusaidiana naye kumbeba mgonjwa mlangoni.

Hakuninyima heshima. "Shikamoo, wifi," aliniambia kila asubuhi, macho chini. Lakini chakula changu hakula. Nilipika ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa lile, nikamwekea. Akamlisha mama yake, yeye akala ndizi alizokuja nazo kutoka kambini. Asali nilimpa, akaiweka pembeni. Nimepika miaka mingi, nimekosolewa na mama wakwe wa kila aina, lakini sahani ile iliyorudi haijaguswa iliniuma kuliko tusi.

Siku moja tukiwa tunafua nikashindwa kujizuia. Nikamweleza utani ni nini, babu zetu, njia ya pwani, yote. Nikamwambia yale maneno yalikuwa ya furaha.

Alikamua nguo mpaka ikaisha maji. "Wifi, kwetu walianza hivyo hivyo. Majirani walikuwa wanacheka na sisi. Wanasema, nyinyi si wa hapa, nyinyi tuliwaokota tu. Tunacheka wote. Halafu siku moja wakasema maneno yale yale na hawakucheka." Akaanika nguo kwenye kamba. "Nimesimama stesheni siku zote zile nikitaja jina lake. Nimefika mbele yake, amesema si mke wangu. Mimi niseme nini?"

Kila nilichotaka kusema kilikuwa kweli na hakikuwa na faida.

Ramadhani alikuja kila siku mpaka uani, anasimama karibu na mlango wa nyuma, anamsalimu. Alikuwa anajibiwa salamu tu. Bi. Mwamini alimsikia kutoka kitandani, akaniita. "Siku ya ndoa mimi ndiye niliyemshika mkono Habiba," alisema kwa shida. "Mnibebe kwenye kiti mnipeleke ofisini, nitasema. Lakini moyo wa Habiba siwezi kuusemea." Tulikubaliana tumpeleke mvua ikikatika.

Mvua haikukatika. Bi. Mwamini alifariki asubuhi, Habiba akiwa ameegemeza kichwa chake mapajani.

Mlangoni

Mtu akifa ugenini ndipo unajua umbali wa kwenu. Mama Salma alipeleka habari msikitini, wanawake wachache wa mtaa wakaja. Lakini watu wa marehemu mwenyewe walikuwa kambini au hawakuwapo tena duniani. Habiba aliketi karibu na maiti akiuliza jambo moja tu: nani atamchimbia kaburi? Kule walikotoka, alisema, wengi hawakuchimbiwa.

Ramadhani alikuwa ameshakwenda kutafuta majembe. Aliporudi alikuwa na Kondo, na wote wawili walikuwa na tope mpaka mapajani. Walikuwa wameshachimba. Mzee yule wa miaka ile, kwenye mvua, alikuwa ameacha ofisi ya serikali akaenda kuchimba kaburi la mtu aliyemwona mara mbili. Hakuketi. Alichukua ndoo, akachota maji ya kumwoshea marehemu, ndoo baada ya ndoo, mpaka Mama Salma akamwambia yanatosha.

Maiti ilipooshwa na kukafiniwa, wanaume wakaja na jeneza. Kondo akatangulia mlangoni, akavua viatu, akajilaza kizingitini na tope lake lote.

"Haitoki," akasema. "Mimi nimechoka, nalala hapa. Mnyamwezi ametoka Tabora kuja kuniletea maiti Kigoma, ati hana hata ubao wa kumbebea. Anayetaka kupita anitoe."

Wanawake wa Ujiji waliguna. Habiba alisimama. Nilimwona uso wake, nikadhani atamrushia kitu. Nikamshika mkono, na mara hii hakuuondoa.

"Huyu ana wazimu?" aliniuliza.

"Huyu ni mtani wetu. Tangu asubuhi yuko kazini kwako. Mama yako ni mama mkwe wa Ramadhani, na mama mkwe wa Ramadhani ni mzigo wa mtani wake. Asipolala pale, maana yake maiti haina mwenyewe."

Ramadhani alikwenda akavua koti lake, lile la mitumba analolipenda, akamfunika nalo Kondo. Ndiyo malipo ya mtani ili apishe. Kondo akanyanyuka taratibu, akalivaa lile koti juu ya tope, na uso wake ukabadilika kabisa. Alishika upande wa mbele wa jeneza, upande wa kichwa, akaanza tahalili kwa sauti ndogo, wakatoka.

Sisi wanawake tulibaki. Habiba alisimama mlangoni mpaka hawakuonekana tena. Kisha alilia, kilio alichokuwa hajalia tangu avuke, na mimi nililia naye, kwa ajili ya mama yake, na mama yangu, na ndugu yangu mpumbavu. Jioni aliomba chakula. Nilimpa matobolwa na asali, akala kidogo kidogo akitazama ukuta.

Kwa Ramadhani hakusema kitu. Naye hakuuliza.

Kurudi, mpaka Urambo

Shahidi alikuwa ameshazikwa. Afisa alitupa pole ya msiba, akasimama kutuambia yaliyobaki, na kusimama kwake nilikuheshimu.

"Bila shahidi siwezi kumwandika mke. Atakwenda na wenzake. Ila mume akitaka kumfuata makazini, simzuii. Pale Urambo watakaposhushwa, mkuu wa makazi atamuuliza yeye mwenye jina kama anamtambua huyu mtu. Akimtambua, atakaa naye humo, na maombi yenu ya ndoa yatasikilizwa mkiwa huko."

"Yatachukua muda gani?" nikauliza.

"Sijui, mama."

"Na asipomtambua?"

"Atarudi Tabora na wewe."

Nilimtazama Habiba. Alikuwa akiangalia mikono yake.

Nje nilimwambia Ramadhani afikirie. Ana kibanda chake cha kazi, ana wateja, ana nyumba ya mama. Makazini atapewa jembe; yeye jembe alilishika lini? Na ataomba ruhusa kutoka, yeye aliyezaliwa hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Yeye aliacha vyote kule akaja kunitafuta," akasema. "Na mimi nina miguu."

Kondo alitusindikiza stesheni akiwa na koti. Alimtukana Ramadhani kidogo, kwa desturi, lakini hakuwa na nguvu. Mwishoni alimwendea Habiba, akaondoa kofia. Sikusikia alichomwambia. Habiba alimpa mkono.

Waliwekwa katika mabehewa yao, sisi katika letu. Treni ilipita Uvinza, ikapita Malagarasi ambako tuta lilikuwa limejazwa mawe mapya meupe. Ramadhani hakuweza kula wala kulala. Alirudia kuniuliza kama Habiba amewahi kusema neno lolote kuhusu yeye, hata dogo, na mimi sikutaka kumdanganya. Nilimwambia amekula asali yetu. Akashikilia hilo njia nzima. Nilimwonea huruma, nikamwonea na hasira, maana alikuwa ameacha kila kitu kwa jibu ambalo hajui litakuwa nini.

Urambo malori yalikuwa yanangoja nje ya stesheni. Watu walishushwa, wakaitwa majina, wakapandishwa. Mkuu wa makazi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuchoka. Habiba alikuwa ameshapanda na kifurushi chake Ramadhani alipofika kwenye lori.

"Wewe humo katika majina yangu," mkuu akasema. "Ni nani?"

"Mimi ni mwananchi, natoka Tabora, mimi ni..."

"Sikukuuliza wewe ni mwananchi. Watu hawa wamekabidhiwa kwangu. Namuuliza yeye." Akamgeukia Habiba. "Mama, huyu mtu unamjua?"

Watu wote wa lori walimtazama Habiba. Ramadhani alisimama chini na begi lake, na mimi nilisimama nyuma yake. Nilitaka kusema, lakini haikuwa zamu yangu. Habiba hakufanya haraka. Alimtazama ndugu yangu kuanzia viatu mpaka uso, kama mtu anayehakikisha.

"Ni bwana yangu," akasema.

"Una hakika? Ukishasema ndiyo imeandikwa."

"Nimesema mbele ya watu."

Kisha alisogeza kifurushi chake pembeni, akampa nafasi ya kukaa.